Kurasa Tatu za Shukrani

Binti yetu alizaliwa Jumanne saa tisa alasiri, na kufika Ijumaa nilikuwa nimekwisha kumshukuru kila aliyehusika, kwa maandishi.

Inabidi nieleze hali niliyokuwa nayo, maana bila hivyo nitaonekana mjinga kuliko nilivyo. Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Mimi na mke wangu tulikuwa kwenye mwaka wa kumi na mbili wa ndoa, na tulikuwa tumekwisha kupewa pole za kila aina. Kariakoo, ambako mke wangu ana duka la mapazia, mama mmoja wa duka la jirani alifikia hatua ya kutuombea kwa sauti mbele ya wateja, na wateja wakaitikia amina kabla ya kuuliza bei. Kwa hiyo mtoto alipolia nyuma ya pazia la chumba cha kuzalia, mimi pale nje kwenye benchi nililia zaidi yake. Mkunga akatoka, jasho linamtiririka, akaniambia ni wa kike na ana kilo nne na nusu. Nilimshika mikono yote miwili nikashindwa kusema neno. Mtu mwenye shahada mbili za chuo kikuu, anayeishi kwa kuandika makala, alishindwa kusema asante. Niliona aibu. Nikaamua kwamba nitaiandika.

Ni desturi yetu, na ni desturi nzuri, kwamba mzazi akitoka salama familia hurudi hospitali na chochote: keki, soda, doti ya khanga kwa mkunga. Mke wangu alitoa maagizo akiwa bado kitandani. Kreti mbili za soda, doti mbili za khanga, basi.

"Usizidishe," aliniambia. "Nakujua wewe."

Nilinunua kreti mbili na doti mbili. Halafu nikazidisha. Nilikaa mezani kutwa nzima nyumbani kwetu Ilala, na kalamu ya wino na karatasi nzito niliyokuwa nimeihifadhi kwa ajili ya jambo kubwa, nikaandika barua ya kurasa tatu kwa mwandiko wa mkono. Ukurasa wa kwanza niliifananisha hospitali na chemchemi jangwani, nikasifu mpaka sakafu yake. Yaliyofuata sikuyakumbuka vizuri baadaye. Mtu akiandika kwa furaha hakumbuki, kama vile mlevi hakumbuki njia aliyopita. Nakala sikubakiza. Niliona kwamba shukrani yenye nakala ni kama zawadi yenye risiti.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya binafsi, jina silitaji. Mganga mkuu, ambaye ndiye pia aliyemtoa mtoto wetu, aliipokea barua kwa mikono miwili, akasoma aya ya kwanza tumesimama, akatabasamu.

"Mzee, hii tunaiweka ukutani."

Nilirudi Ilala kwa miguu, kifua mbele, kama mtu aliyepewa nishani.

Jumapili akaja mama mkwe kutoka Moshi, na ndizi, na mamlaka. Kwa watu wa Kilimanjaro mzazi halelewi kwa maneno. Hagusi kazi, analishwa mtori mpaka ashibe na baada ya kushiba analishwa tena, na mama yake ndiye mwenye nyumba hadi siku atakapoamua mwenyewe kuondoka. Mimi, mtoto wa Ilala, nilipangiwa kazi moja tu, ya kutokaa njiani. Niliifanya kwa bidii. Ndiyo maana nilishtuka siku ya nne tangu afike, aliponiita sebuleni wakati wa kumwogesha mtoto.

"Baba, njoo utazame."

Alikuwa amemlaza mjukuu wake juu ya mapaja. Akapiga makofi mara moja, karibu na kichwa cha mtoto. Mkono wa kushoto ukaruka juu, kama mikono ya watoto wachanga inavyofanya wakishtuka. Wa kulia ukabaki ulipo. Akaweka kidole kwenye kiganja cha kulia, vidole vidogo vikakishika. Akauinua mkono wenyewe, akauachia. Ukaanguka kama mkono wa shati kwenye kamba.

"Labda ameulalia," nilisema.

"Nimelea saba. Mtoto halalii mkono siku nne."

Mke wangu alisimama mlangoni akiwa na bakuli lake. Aliliweka bakuli chini, akaenda kuvaa viatu.

Tulipofika mapokezi nilijiona ukutani. Walikuwa wametimiza ahadi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, nyuma ya kioo, juu kidogo ya kichwa cha dada anayeandikisha wagonjwa. Tukiwa tunasubiri, mke wangu, mtoto kifuani, aliusoma kwa mara ya kwanza. Alisoma taratibu, neno kwa neno, kama anavyosoma mkataba wa pango.

"'Mikono yenye rehema iliyompokea mwanetu'," alisema. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikwambia soda."

Daktari, yule yule aliyeipokea barua, aliugeuza mkono huku na huku akasema ni uchovu wa kuzaliwa, mtoto alikuwa mkubwa, utajinyoosha wenyewe, tumpe miezi mitatu. Nilimshukuru. Baada ya miezi mitatu akasema sita. Nilimshukuru. Baada ya sita akasema tumkande na mafuta ya uvuguvugu, na mimi, ambaye kwenye makala zangu huwahimiza Watanzania wahoji, nilimshukuru tena nikamuaga kwa kuinama kidogo. Kuna aina ya msomi ambaye anahoji kila kitu kilicho mbali. Mimi ni wa aina hiyo.

Waliohoji ni wanawake wa nyumbani kwangu. Mama mkwe alipiga simu kutoka Moshi kila Jumamosi na swali lile lile, "Umeinuka?" Mwishowe mke wangu akampeleka mtoto kwa daktari bingwa wa mifupa na mishipa, hospitali nyingine, bila kuniuliza; mimi nilifuata tu. Alikuwa na miezi kumi na moja. Bingwa alituchorea kwenye karatasi. Mtoto anapokuwa mkubwa, kichwa kinaweza kutoka na mabega yakakwama. Akivutwa kwa nguvu, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi inanyooka kupita kiasi, mingine inakatika. Ipo nafasi ya kuiunga, lakini ni ya miezi ya mwanzo, na sisi imekwisha kutupita. Iko nafasi ya pili, ndogo zaidi. Mtoto akikaribia miaka mitatu au minne, misuli inayofanya kazi huhamishwa ili isaidie ile iliyolala. Baada ya hapo ni mazoezi ya miaka. Hatapata mkono kama wa wenzake, lakini atapata mkono.

"Na tusipofanya?" mke wangu aliuliza.

"Utabaki unaning'inia, mama. Na bega litaanza kukakamaa."

Alitutajia gharama. Mke wangu hakubishana, na mfanyabiashara wa Kariakoo asipobishana bei ujue imemzidi. Tungeuza duka tusingefika nusu.

Kwa watu wasioishi kwetu pengine mkono ni mkono. Lakini kwetu mkono wa kulia ni adabu yenyewe. Ndio unaopokea, unaokula, unaompa mkubwa ukimwamkia. Binti yetu alipoanza kutembea alikuwa anashinda dukani na mama yake, na wateja walimpenda, na kila aliyempenda alimsahihisha. "Mkono wa kulia, mama! Nani kakufundisha kushoto?" Mwanzoni mke wangu alikuwa anaeleza. Baadaye alichoka, akawa anasema tu, "Anajifunza." Siku moja, mtoto ana miaka miwili na kidogo, bibi mmoja mteja wa siku nyingi alimnyooshea mkono akamwambia kwa upole vile vile, "Wa kulia, mjukuu wangu." Mtoto akafikiri. Akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeokota kitu chake kilichoanguka, akauinua, akampa.

Yule bibi aliupokea. Alikaa nao kwa muda mrefu. Mke wangu alifunga duka saa saba mchana, jambo ambalo hajalifanya hata siku za misiba ya ukoo, akaja nyumbani akanikuta nahariri makala.

"Tunamdai nani?" aliuliza. "Niambie wewe uliyesoma. Tunamdai nani, na tunaanzia wapi?"

Sikujua. Yeye akajua. Alikuwa na mteja wakili, dada wa Kihindi wa rika letu, mzaliwa wa hapa hapa mjini, ambaye aliwahi kubishana naye bei ya pazia moja siku tatu mfululizo na tangu hapo wakaheshimiana. Ofisi yake iko upande wa pili wa Mnazi Mmoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo. Kwenye rafu ya mafaili ameweka picha ya mungu wake na shada la maua, na udi unafuka taratibu, ukikufanya uone kesi yako inaombewa na dini mbili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia mambo kwa lugha nyepesi. Mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa si lazima liwe kosa la mtu. Inabidi ionekane kwamba kulikuwa na jambo ambalo daktari makini angelifanya na huyu hakulifanya, au asingelifanya na huyu alilifanya. "Na hilo halionekani kwa machozi, mama. Linaonekana kwenye karatasi. Mna karatasi gani?"

Tulikuwa na kadi ya kliniki na cheti cha kutoka hospitali kinachosema uzazi wa kawaida, mama na mtoto hali njema. Mke wangu mwenyewe alikumbuka uchungu na pazia tu, maneno ya watu hakuyashika.

Akawaandikia hospitali kuomba faili. Baada ya barua nne likaja. Ile chati ambayo mkunga hujaza saa kwa saa mama akiwa na uchungu, ilikuwa nyeupe tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa. Na juu ya faili wakili wao alikuwa ameambatanisha majibu: hakuna uzembe wowote, na kwa ushahidi, baba wa mtoto mwenyewe aliandika yafuatayo siku tatu baada ya uzazi. Yafuatayo ilikuwa ni fotokopi yangu, fremu na vyote.

Wakili wetu aliisoma kwa sauti, mke wangu akiwa amekaa kando yangu.

"'Chemchemi ya rehema katika jangwa la dunia.'" Akanitazama juu ya miwani. "Kaka, ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa na furaha."

"Basi usiwe unafurahi karibu na karatasi." Akaendelea kusoma mpaka chini, akasimama. "Hapa sentensi haijaisha. 'Na hasa ninapokumbuka saa zile tangu saa nne, pale mkunga...' Pale mkunga nini?"

"Inaendelea ukurasa wa pili."

"Kuna ukurasa wa pili?"

"Na wa tatu."

Alivua miwani. "Uliandika nini huko?"

"Yote, nadhani. Niliyoyaona na kuyasikia. Nilitaka wajue kwamba nimeona walivyohangaika."

"Nakala?"

Mke wangu alijibu kwa niaba yangu. "Hakubakiza. Ni msomi."

Wakili akasema kitu kwa Kigujarati, kifupi, ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Mke wangu alitaka twende siku ile ile tukaing'oe fremu ukutani. Wakili akakataa. "Msiiguse. Mkiigusa ni wizi, na nyuma ya kioo huenda hakuna kitu. Wao ndio wanaoitegemea, basi waibebe wenyewe." Akafungua kesi, mahakama ikaipeleka kwanza kwa msuluhishi, na wakili akawaandikia hospitali kwamba, kwa kuwa wanategemea barua ya mteja wake, walete barua yenyewe siku ya usuluhishi, si fotokopi.

Wiki zile niliishi na hofu ambayo haikuwa na heshima yoyote. Niliogopa kwamba kurasa zile zimetupwa, na niliogopa pia kwamba hazikutupwa na zitasomwa mbele za watu.

Usuluhishi ulikuwa asubuhi, kwenye ukumbi mdogo katikati ya mji. Msuluhishi alikuwa jaji mstaafu, mzee mpole mwenye kikohozi. Upande wa pili alikaa wakili wa hospitali, daktari, na yule mkunga, aliyeitwa kwa sababu mwandiko wa kwenye chati ulikuwa wake. Bado alikuwa mwajiriwa wao. Kwetu tulikuwa mimi, mke wangu, wakili, na mama mkwe aliyekuja na basi la jana yake na sasa alikuwa amempakata mtoto.

Wakili wa hospitali aliingia na fremu yenyewe, ameifunga kwa karatasi ya kaki. Akaisimamisha mezani ikiegemea jagi la maji, kama picha ya marehemu kwenye meza ya rambirambi. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti nzuri. Nakiri kwamba alisoma vizuri. Kwa dakika moja nilisahau niko upande gani.

Alipomaliza, wakili wetu akasema, "Mheshimiwa, naomba ifunguliwe."

"Ifunguliwe nini?"

"Fremu. Sentensi ya mwisho haijaisha."

Vile vishikizo vya nyuma vilikuwa vigumu. Mama mkwe akachomoa pini kichwani akampa wakili wetu. Kibao cha nyuma kikatoka, na kati ya kibao na ukurasa wa kwanza zilikuwepo kurasa mbili, zimekunjwa vizuri, safi kama siku nilipoziandika. Hazikuwa zimefichwa. Mtu fulani alikuwa ameona kioo kinatosha ukurasa mmoja, na nyingine akaziweka nyuma zisipotee. Pale ndipo nilipoelewa kilichotuokoa. Hakuna mtu katika hospitali ile aliyewahi kumaliza kusoma nilichoandika. Miaka ishirini ya kuandika makala jambo hilo limekuwa huzuni ya maisha yangu, na siku ile nililishukuru.

Mwandiko wangu ni mbaya, kwa hiyo msuluhishi aliniomba nisome mwenyewe.

Nilisoma. Nilisoma kwamba saa nne mkunga alitoka akapiga simu mbele yangu akisema, "Daktari, mtoto ni mkubwa mno, naomba uje umwone mama." Kwamba saa sita alipiga tena, na saa nane tena, na kwamba nilistaajabia subira yake, iliyofanana na subira ya mkulima. Nilisoma kwamba saa tisa kasoro daktari alifika, na kwamba nyuma ya pazia nilimsikia mkunga akisema, "Mabega yamekwama, daktari, usivute, tumgeuze mama kwanza," na daktari akajibu, "Muda huo hatuna, shika hapo," akavuta, akavuta, akavuta. Niliandika neno hilo mara tatu kwa ajili ya msisitizo. Nilikuwa nimeongeza kwamba mimi, mtu wa nje, nilibahatika kusikia majadiliano ya wataalamu wanaoheshimiana. Hapo nikaiweka karatasi mezani. Nilikuwa nimekaa na jibu la mkono wa mwanangu kichwani mwangu miaka mitatu, nimelifunga kwa maua, sikulitambua.

Wakili wa hospitali alisimama. Alisema mtu huyu si mtaalamu, alikuwa nje, kuna pazia, hawezi kujua alichosikia.

"Samahani, mheshimiwa," alisema mke wangu. "Naweza kusema juu ya pazia?"

Msuluhishi alikohoa. "Pazia?"

"Nauza mapazia miaka kumi na tano. Lile la chumba chao cha kuzalia nililitazama nikiwa nimelala, nilikuwa na muda wa kutosha. Ni kile kitambaa chepesi cha bei ya chini kabisa, hakina bitana. Kile hakizuii hata nzi, sembuse sauti."

Watu wawili watatu walicheka, msuluhishi akiwemo. Mkunga hakucheka. Msuluhishi alimgeukia.

"Sista, umesikia yaliyosomwa. Unasemaje?"

Daktari alikuwa anatazama kalamu yake. Nilijua, na kila mtu mle ndani alijua, kwamba yule mama atarudi kazini kesho yake chini ya mtu huyo huyo.

"Ni hivyo," alisema.

"Hivyo vipi?"

"Kama alivyoandika. Saa ni zile zile. Ila nilipiga simu mara nne, moja hakuisikia, nadhani alikuwa amekwenda kununua maji."

"Mbona chati haina kitu?"

"Nilikuwa nimeanza kuijaza kwenye karatasi nyingine. Niliambiwa niiache, itajazwa baadaye."

Wakili wa hospitali akaomba mapumziko. Tulipewa chai. Mkunga alisimama peke yake dirishani na kikombe chake, nami nikamfuata nimshukuru. Kwa mara ya pili katika maisha yangu nilisimama mbele yake nikashindwa kusema. Yeye ndiye aliyesema.

"Barua yako niliambiwa ipo. Sikujua umenitaja humo. Ningeisoma."

Watu wa hospitali waliporudi walikuwa na ofa, na hapo nikamwona mke wangu katika utaalamu wake. Wakili wetu alimwachia nafasi, kwa busara ya mtu aliyewahi kubishana naye siku tatu. Alikataa kitita cha kutolewa mara moja, akisema pesa ya mkupuo nyumbani kwa mwandishi haitafika bega la mtoto. Akataka wabebe upasuaji wote, na mazoezi yote mpaka binti awe mtu mzima, na fidia ya mkono utakavyobaki baada ya hapo. Walipokubali hayo wakafungua kalamu. Yeye akafunika karatasi kwa kiganja.

"Bado moja. Huyu sista asifukuzwe wala asisumbuliwe kwa kusema ukweli leo. Iandikwe."

"Mama, hilo halihusiani na fidia," alisema wakili wao.

"Kwangu ndilo la kwanza. Bila hilo sisaini, na hiyo fremu yenu tutaisomea mahakamani, kurasa zote."

Iliandikwa. Mkunga alibaki pale mwaka mmoja, kisha akaondoka kwa hiari yake kwenda hospitali kubwa zaidi, na mpaka leo huwa anampigia mke wangu simu kuuliza habari za mkono.

Daktari alitufuata nje kwenye ngazi. Alimwamkia mama mkwe, shikamoo, naye akamwitikia marahaba, maana salamu haikatazwi kwa mtu yeyote. Akasema pole, na kwamba siku ile alikuwa na wagonjwa wengi hospitali mbili. Mama mkwe alimgeuza mtoto ili bega la kulia limwelekee.

"Mshike," alisema.

Aliushika ule mkono mdogo, akauinua kidogo, akautazama kama mtu anayeweza kweli kuuona. Watu wamewahi kuniuliza kama nimemsamehe. Nawashukuru wengi katika habari hii, lakini orodha haijafika kwake, na sijioni nina haraka.

Upasuaji ulifanyika binti akiwa na miaka mitatu na nusu. Alikaa na plasta wiki sita, mkono umeinuliwa pembeni kama mtu anayesimamisha magari, akapita nao mlangoni kwa ubavu na kuangusha kila kilichokuwa mezani. Kisha mazoezi, mara tatu kwa wiki, kwa binti mmoja fundi wa viungo mwenye sauti kubwa, ambaye alimwimbia na kumtania na kumtoa machozi, na ambaye hata siku moja hakutuambia uongo. Tulipomuuliza mkono utafika wapi alisema, "Mdomoni utafika. Juu ya kichwa, msiusubiri." Haukufika juu ya kichwa. Nywele anasukwa na bibi, fulana anavalishwa kwa hila, na kwenye michezo ya shule hawezi kudaka mpira wa juu. Siku nyingine bega linamuuma na hataki kuambiwa pole.

Mama mkwe bado huja. Mwaka jana, Jumapili moja, tulikuwa mezani na kuku wa kienyeji aliyetoka naye Moshi. Yeye kama mkubwa alikuwa amewekewa firigisi, na katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi, mtoto hagusi firigisi ya mkubwa, hata kwa macho. Binti yetu, miaka sita, alikuwa amekaa upande wake. Nilikuwa katikati ya hoja ndefu juu ya jambo nisilolikumbuka. Nikaona mkono unapita mbele ya macho yangu. Ulipita polepole, kiwiko kimeinuka, vidole vinatetemeka kidogo kwa uzito wa kujishika wenyewe, ukavuka meza mpaka kwenye sahani ya bibi, ukachukua ile firigisi, ukaipeleka mdomoni.

Wa kulia.

Nilifungua mdomo nimkaripie, maana adabu ni adabu. Mke wangu alinikanyaga chini ya meza. Mama mkwe alikuwa anamtazama mjukuu wake akitafuna. Halafu akaisogeza sahani nzima karibu naye.

"Chukua na paja, mama," alisema. "Chukua na hilo."